Swali la Baba Yako Kuhusu Umeme wa Kemaro

Mwanangu Ghati,

Umekwenda Natta kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia kabla hujala, kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Mgahawa nimeufunga. Wateja waliokuja nimewaambia leo hakuna chakula, mwanangu anasafiri kesho. Mmoja akaniuliza unakwenda wapi, nikamwambia Dodoma, kwenye kazi ya kusikiliza watu. Akacheka, akasema, "Kusikiliza nako ni kazi, mama?" Nimekaa hapa tangu aondoke na neno lake halijanitoka, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mambo ya sweta, ya kula njiani, ya mtu wa kukupokea stendi, hayo umeshayasikia mpaka umechoka. Nataka kukwambia habari ya mikutano. Uliniambia kazi yenu ya kwanza itakuwa kuandaa mikutano ya kupokea maoni ya wananchi kuhusu sera ya nishati na mabadiliko ya tabianchi, kwamba itaanza huko Dodoma, halafu mtazunguka mikoani, na hapa kwetu Mugumu mmepaweka kwenye ratiba. Ulifurahi sana uliponiambia. Mimi nikaendelea kuchambua mchele, ukadhani sijafurahi. Nilifurahi, Ghati. Ila nilimwona baba yako amesimama mbele ya meza kama hiyo utakayokaa wewe.

Unajua baba yako alifia shimoni, kwenye duara la dhahabu, na unajua kilichomuua ni moshi wa pampu. Jambo ambalo hujawahi kulisikia kwangu ni kwamba aliuliza kwanza. Alisimama mbele ya wakubwa, akauliza, wakamjibu.

Tulihamia Kemaro kutoka Itiryo ukiwa bado unabebwa mgongoni. Rashi, watu kumiminikia dhahabu mpya, ilikuwa imeanza msimu huohuo. Mtu mmoja alikuwa anachimba choo akakuta jiwe lenye dhahabu, na kabla mvua hazijakatika kilima cha Kemaro kilikuwa kimejaa watu wa Geita, wa Kahama, na Wakenya waliopitia Sirari, ambao badala ya kukusalimia walikuuliza tu, "Sasa?" Baba yako na baba yako mdogo Chacha waliuza ng'ombe, wakapata sehemu kwenye duara moja. Mimi nikajenga banda la maturubai, nikawa napika ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na dagaa.

Miti ya Kemaro iliisha upesi. Ile minene ilikatwa ikawa matimba, magogo ya kushikilia kuta za maduara zisiporomoke. Iliyobaki ikawa mkaa, na mkaa huo nilipikia mimi, siwezi kumsingizia mtu. Tulipofika kulikuwa na chemchemi upande wa machweo, maji baridi mpaka meno yanauma. Haikumaliza msimu wa pili. Nikaanza kununua maji ya punda.

Maji juu yalipotea, lakini chini kwenye maduara yalizidi. Kadiri watu walivyochimba ndivyo maji yalivyowajia. Wakaleta pampu za petroli. Sasa nisikilize vizuri hapa, maana usipolielewa hili hutaelewa mengine. Pampu ikikaa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini sana, inashindwa. Kwa hiyo waliifunga kamba, wakaishusha ndani ya duara, wakaiweka kwenye kona waliyoichonga ukutani karibu na maji, ikawa inanguruma humo humo. Moshi wake nao ukawa unabaki humo humo.

Watu wakaanza kuanguka. Mtu anapanda juu analalamika kichwa, anatapika, miguu inakuwa kama si yake. Wanampumzisha kivulini, wanampa maziwa, keshoye anarudi kazini. Baba yako alianguka mara moja. Aliniambia amekula kitu kibaya. Mimi ndiye niliyempikia.

Basi likaja tangazo la mkutano. Wakubwa wa mkoa na wilaya wanakuja kusikiliza wananchi kuhusu nishati na mazingira, kila mwenye hoja ajiandae. Wenye maduara wakakutana kwenye banda langu kupanga watasema nini.

Baba yako akasema, "Tuwaambie watu wanazimia."

Chacha akamkatalia. "Mura, ndugu yangu, tukisema watu wanazimia, kesho wanaleta polisi na kufuli. Tutakula nini?"

"Na tusiposema?"

"Tuombe umeme. Umeme ukija, pampu ya moshi inaondoka. Si jambo ni lilelile?"

Wote wakaona ni maneno ya akili. Hata mimi, nikiwa nimesimama na mwiko, niliona ni akili. Baba yako akawatazama mmoja mmoja, halafu akasema sawa. Wakamchagua yeye aseme, kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa na hofu ya watu. Lakini Kiswahili hakikuwa chake. Unakumbuka alivyokuwa anakusimulia hadithi kwa Kikurya, ukimwomba aseme kwa Kiswahili anakwambia hadithi itachoka. Siku nzima alikuwa akijizoeza mbele yangu huku nikikata vitunguu, nami namrekebisha, naye anasahau, tunacheka.

Siku ya mkutano waliweka viti vya plastiki na meza yenye chupa za maji. Mkubwa mmoja alieleza muda mrefu juu ya mabadiliko ya tabianchi. Jirani yetu mmoja, mzee wa ng'ombe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anasema nchi imebadilika tabia, au sisi?" Nikamwambia sijui, tusikilize. Nilielewa baadaye sana kwamba yule mkubwa alikuwa anaongelea chemchemi yetu. Kama angeitaja chemchemi, mkutano wote ungemwelewa.

Baba yako alipopewa nafasi alivua kofia. Akasema, "Mimi naitwa Marwa. Nachimba hapa Kemaro. Tunaomba umeme ya kuvuta maji. Hii pampu ya petroli si nzuri." Watu wakacheka kwa sababu ya ile "umeme ya". Akasubiri kicheko kiishe. Akafungua kinywa tena, na mimi nilimjua yule mtu, nilijua anataka kusema lile jambo jingine. Akamtazama Chacha. Akafunga kinywa.

Mkubwa aliyeshika kipaza sauti akasema, "Asante sana, Mzee Marwa. Hoja nzuri. Tumeichukua."

Alirudi kwenye banda akiwa amechangamka kama mtu aliyeposa akakubaliwa. "Wameichukua, Mama Ghati," akaniambia. Kwake yeye, mtu akisema amechukua mzigo, amekwishauweka kichwani na anatembea nao. Hakujua kwamba kuna kuchukua kwa mdomo.

Tukasubiri. Hapo ndipo penye uchungu wangu mpaka leo, na ndiyo sababu ya barua hii. Kabla ya mkutano Chacha alikuwa ameanza kusema pampu isishushwe tena, wachote maji kwa ndoo na kamba, na duara ambalo ndoo haziliwezi liachwe mpaka kiangazi. Kazi ya mateso, dhahabu kidogo, lakini walikuwa wanaelekea kukubaliana. Baada ya mkutano hakuna aliyetaka kusikia habari ya ndoo. Umeme uko njiani, tujitese kwa nini? Kila gari la serikali lililopita barabarani, watu walisimama kutazama kama limebeba nguzo. Msimu ukaisha. Ukaja mwingine. Hakuna mtu aliyekuja kutwambia lolote.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua. Mwenzao mmoja wa Natta alishuka kuzima pampu. Wakamwita, hakuitikia. Baba yako hakungoja. Chacha alimshika mkono, akamwambia, "Ngoja hewa iingie," naye akasema, "Ana mtoto mdogo," akashuka. Nilikuwa naosha vyombo. Nilisikia watu wanakimbia, na hawakuwa wakipiga kelele, wanakimbia tu, nikajua. Waliwatoa wote wawili kwa kamba. Baba yako hakuwa na jeraha lolote. Ulikuwa darasa la pili. Ulikuja kutoka shule ukaniuliza kwa nini Tata amelala nje.

Mengine ya siku zile unayajua, sitayarudia.

Mkutano wa pili ulikuja mwaka uliofuata. Meza ileile, viti vilevile, wakubwa wengine. Sikutaka kwenda. Chacha akaja akaniambia, "Shemeji, usipokwenda wewe, sisi hatutasema kitu." Nikaenda na kanga yangu ya msiba. Nilipopewa kipaza sauti nikasema, "Shikamooni. Mume wangu Marwa aliuliza hapa habari ya umeme, mkasema mmeichukua hoja yake. Naomba kujua mliipeleka wapi, kwa sababu yeye tumeshamzika." Nikasema na yale ambayo baba yako hakuyasema. Nikaeleza pampu inavyoshushwa, watu wanavyoanguka, jinsi tulivyoficha tukiogopa kufungiwa. Chacha alikuwa nyuma yangu anaitikia, "Ni kweli. Ni kweli."

Aliyeshika kipaza sauti akatoa pole kwa niaba ya wenzake, akasema hoja wameichukua kwa uzito mkubwa. Watu wakaguna. Nikakaa chini. Nilijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu.

Magari yalipoanza kuondoka, mama mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa meza hakupanda. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa hijabu na viatu vya kazi, Kiswahili chake cha pwani. Aliitwa Bi Mwanaidi. Akanifuata akasema, "Mama, nisamehe. Naomba unioneshe hiyo pampu inapokaa." Chacha akampeleka. Alilala kifudifudi kwenye mdomo wa duara na nguo zake safi, akachungulia chini kwa muda mrefu. Akauliza umbali kutoka nguzo za umeme za mwisho, njia yenyewe inapita wapi, nani ana shamba pale. Aliporudi bandani nilimpa chai kwa sababu ni mgeni. Akasema, "Mimi si mwenye uamuzi. Nitauliza, kisha nitarudi kuwaambia." Nikamwambia, "Haya." Sikumwamini hata kidogo.

Akarudi. Alikuja na pikipiki kutoka Mugumu, peke yake, vumbi mpaka kwenye kope. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, ndivyo ninavyokumbuka. Watu walipomwona wakaacha kazi, wakajaa kwenye banda langu wengine wamesimama nje. Wengine walikuwa wanatabasamu tayari.

Akasalimia. Halafu akasema, "Nimeuliza kila mahali nilipoweza kuuliza. Umeme hauji Kemaro. Si mwaka huu wala mwaka kesho, na njia iliyochorwa haipiti huku. Ikibadilika nitawaambia, lakini msiihesabu."

Waliosimama nje wakasogea mlangoni.

Mimi ndiye niliyesema kwanza, na sikusema vizuri. Nilimwambia, "Umepanda pikipiki kutoka Mugumu kuja kutwambia hapana?"

Akasema, "Ndiyo, mama. Nimekuja kuwaambia hapana, ili msisubiri."

"Mume wangu hakufa ili uje utwambie hapana."

Macho yake yalijaa machozi, akayaacha yalivyo. Nikamwambia aondoke kwenye banda langu. Hata maji sikumpa, na jua lilikuwa kali. Chacha alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki.

Jioni hiyohiyo wachimbaji walikaa. Hakukuwa na mkubwa, wala meza, wala kipaza sauti. Walikuwa wamekasirika, na hasira hiyo ilikuwa na mguu wa kusimamia, si kama ile ya kusubiri. Chacha akasema, "Umeme hauji. Sasa tumejua. Pampu ikae juu, isishuke kamwe. Maji yanayoshinda pampu ya juu tuchote kwa ndoo. Duara linaloshinda ndoo tuliache." Mmoja akauliza nani atamlisha wakati duara lake limeachwa. Wakabishana sana. Wengine walifungasha wakaenda rashi nyingine. Waliobaki wakakubaliana kwamba atakayeshusha pampu kamba yake itakatwa na ataondoka kilimani. Walichota maji kwa zamu. Niliwapikia wakiwa na viganja vilivyochubuka, hawawezi kushika tonge la moto. Dhahabu ilipungua, na mimi wateja walipungua, ndipo baadaye tukahamia Mugumu, wewe na mimi. Lakini pale Kemaro, mpaka rashi inaisha yenyewe, hakuna mtu mwingine aliyetolewa duarani kwa sababu ya moshi.

Ilinichukua miaka kuona nilichofanyiwa siku ile. Nilimchukia yule mama kwa muda mrefu. Nilipokuwa nawaza adui wa nyumba yetu, sikumwona yule aliyesema "tumeichukua", nilimwona yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja. Aliyetupa tumaini la uongo nilimwitikia kwa heshima, na aliyetupa ukweli nilimfukuza na kiu yake. Nilipoanza kumwelewa nilikwenda kumuulizia kwenye ofisi za halmashauri hapa Mugumu. Wakaniambia alihamishwa zamani, hawajui mkoa gani. Nikarudi mgahawani nikapika kama kawaida. Ukiikumbuka siku niliyounguza wali wote na sikusema kwa nini, ndiyo siku hiyo.

Kwa hiyo, mama yangu, sina ushauri mkubwa juu ya kazi yako. Umesoma, mimi niliishia darasa la saba. Sera zenu sizijui. Ila nimekaa upande ule wa viti vya plastiki, na wewe unakwenda kukaa upande wa meza, na nisingependa ujifunze kwa njia niliyojifunzia mimi.

Watu watakuja wamejizoeza. Watakuletea ombi zuri, na jambo lenyewe litakuwa limebaki nyumbani, kwa sababu wanakuogopa. Ndiyo, watakuogopa wewe, Ghati, wewe uliyekuwa unalia ukikosa ukoko wa ugali. Mtu akifunga kinywa katikati ya neno, usimpite haraka kwenda kwa anayefuata. Mkutano ukiisha, tembea kidogo. Waulize wanaokunja viti na wanaofagia. Mengi ya Kemaro yalisemwa baada ya magari kuondoka.

Na kuna siku utarudi mahali kuwaambia watu hapana. Hutatumwa, maana hakuna anayetumwa kufanya hivyo. Wenzako watakwambia acha, wataona wenyewe. Nenda. Watakutukana. Pengine mwanamke fulani atakufukuza kwenye banda lake na hatakuomba radhi maisha yake yote, kwa sababu atakapokuwa tayari wewe utakuwa umehamishwa. Nakuomba umsamehe mapema.

Kuna kitu kimoja sijakwambia, na afadhali ukijue leo kuliko ukikute ukumbini. Mkija Mugumu nitakuwepo. Sitakuja kama mama yako. Nitakuja kama mpika chakula wa hapa karibu na hospitali, nimeshamwambia mwenyekiti wa mtaa nina swali. Tunaambiwa tuache mkaa, na mimi ninakubali, nimeona kilima kikigeuka upara kwa macho yangu. Nimenunua jiko la gesi. Lakini gesi ikiisha madukani hapa, na lori halijaja, na wagonjwa wanasubiri uji, nataka kujua tupikie nini. Hilo ndilo swali langu. Nitalisema lote, sitaacha kipande nyumbani.

Usinionee aibu, wala usiniinamie kama mama yako mbele ya wenzako. Kama una jibu, nipe. Kama huna, sema huna, kisha uende ukaulize. Na kama jibu ni hapana, njoo uniambie mwenyewe, hata kama itabidi upande pikipiki. Nitakasirika, unanijua. Nitakaa chini pale kwa watu wengine nikiwa nimenuna. Halafu jioni utakuja nyumbani, utakuta chakula, na tutakula.

Mama yako,
Wegesa